Maziwa Yasema Habari za Tumbo

Ng'ombe hana kinywa cha kutuambia ugonjwa wake. Mtoto akiumwa na tumbo hulia, hushika mahali panapouma, na mama yake hujua. Ng'ombe husimama tu akitazama, na mara nyingi mwenyewe hupata habari siku ile mnyama anapolala asiinuke tena. Lakini tangu miaka mia na zaidi watu wa elimu wamejifunza polepole, huku wakikosea mara nyingi, kusoma habari za tumbo la ng'ombe katika kitu tunachokipata kila asubuhi, ndiyo mafuta ya maziwa yake. Historia hiyo twataka kuisimulia hapa. Haikuanza kwa ajili ya kuponya ng'ombe. Ilianza kwa ajili ya kuwakamata wezi.

Kwanza ilibidi watu wajue mafuta ni kitu gani. Kwa macho yaonekana kuwa kitu kimoja tu. Aliyeyafungua ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, mzaliwa wa Angers, mwaka wa 1786. Katika kitabu chake cha mwaka 1823 alionyesha kwamba mafuta ya wanyama ni gliserini iliyoungana na asidi mbalimbali. Ndani ya siagi alikuta asidi ambazo hazimo katika mafuta ya nyama, nazo huruka pamoja na mvuke na kutoa harufu kali. Moja ikaitwa kwa jina la siagi katika Kilatini, butyrum. Nyingine zikapewa jina la mbuzi, capra, na kila mtu aliyepita karibu na beberu ataelewa kwa nini. Chevreul mwenyewe aliishi miaka 102, akafa Paris mwaka wa 1889.

Ili tuelewe yanayofuata, tushike rozari mkononi. Kila asidi ya mafuta ni kama uzi wa shanga, na kila ushanga ni chembe ya kaboni. Asidi ya siki, ile inayofanya siki kuwa kali, ina shanga 2 tu. Asidi ya siagi ina 4. Zile zenye jina la mbuzi zina 6, 8 na 10. Zilizojaa katika mafuta ya nyama na katika mawese yetu zina 16 na 18. Katika maziwa ya ng'ombe zimehesabiwa aina 400 hivi, lakini kwa habari yetu yatosha kukumbuka makundi mawili, fupi na ndefu.

Sasa wezi. Mwaka wa 1869 Mfaransa mwingine, Hippolyte Mège-Mouriès, alitengeneza margarini kwa mafuta ya nyama ya ng'ombe, kwa maana Kaisari Napoleon III alitaka kitu cha bei ndogo badala ya siagi. Margarini si dhambi. Lakini wachuuzi wengine waliichanganya na siagi na kuuza yote kwa bei ya siagi, na hiyo ni kuvunja amri ya saba wazi kabisa. Mwaka wa 1879 Reichert akatoa njia ya kuwafichua, na Meissl akaitengeneza vizuri zaidi: chukua gramu 5 za mafuta, zitoe asidi zake, zichemshe, kusanya zile zinazoruka na mvuke, uzipime. Siagi safi hutoa hesabu ya 24 mpaka 34 hivi. Margarini ile ya mafuta ya nyama haina asidi fupi, basi hesabu yake ni karibu na sifuri. Hesabu ikishuka, mchuuzi aitwe barazani.

Ilionekana kuwa njia ya haki, mpaka ilipowaangukia watu wasio na kosa. Mwanzo wa karne ya 20 siagi ya Uholanzi iliyouzwa Uingereza ilianza kushukiwa. Wakati wa vuli, kabla ya baridi kuu, hesabu yake ilishuka chini ya mpaka, na Waingereza wakasema: Waholanzi watia margarini. Wakulima waliapa kwamba hawakutia kitu. Mabingwa wa Uholanzi wakapima siagi iliyotengenezwa mbele ya macho yao, isiyoguswa na mtu, wakakuta hesabu ni ndogo vilevile. Sababu ilikuwa ng'ombe wenyewe. Walikuwa mwisho wa majira ya kukamuliwa, wakilala nje katika baridi na mvua, na majani ya malisho yamepungua nguvu. Mnyama asiyeshiba huyeyusha mafuta ya mwili wake, nayo ni ya shanga ndefu; ndiyo yaliyoingia katika maziwa. Ushauri uliotolewa ulikuwa kuwaingiza ng'ombe zizini mapema zaidi, na serikali ya Uholanzi ikaweka ukaguzi na alama yake juu ya siagi.

Tutazame vizuri jambo hilo, maana ndani yake mna habari yetu yote. Chombo kilichotengenezwa kulinda amri ya saba kilikuwa karibu kuvunja amri ya nane, kwa kumshuhudia jirani uwongo. Chombo hakikukosea, asidi fupi zilikuwa zimepungua kweli. Waliokosea ni wasomaji wake, waliodhani kwamba kati ya kiwele na pipa la siagi kila upungufu ni mkono wa mtu. Ng'ombe alikuwa akisema, nao wakamsikia mwizi.

Wakati uleule kipimo kingine kilikuwa kimeenea. Katika Marekani wakulima walipeleka maziwa yao kwenye nyumba za siagi na kulipwa kwa uzito. Aliyetia maji alilipwa sawasawa na mwenye maziwa mazito, na pengine zaidi. Mwaka wa 1890 Stephen Babcock, mwalimu wa Wisconsin, alitangaza njia rahisi: tia asidi kali ya salfa katika maziwa ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, zungusha kwa mashine, mafuta yatapanda shingoni, usome alama. Alikataa kujiwekea haki ya kuuza njia hiyo, akaitoa bure kwa wote. Katika Uswisi Gerber alitoa njia inayofanana nayo karibu wakati huohuo, na kwa Gerber ndiko Ulaya ilikojifunza. Mwaka wa 1895 wakulima wa Vejen, katika Denmark, waliunda chama cha kwanza cha kupima maziwa ya kila ng'ombe na kuandika hesabu zake. Tangu hapo kila ng'ombe akawa na kitabu chake, kama mbatizwa katika kitabu cha parokia.

Vitabu hivyo vilipojaa, watu wakaanza kuona mambo ya ajabu. Kusema kweli, Boussingault, Mfaransa mwenye shamba la kujaribia katika Alsace, alikwisha kuandika mwaka wa 1845 juu ya ng'ombe ambao mafuta ya maziwa yao yalishuka kwa ajili ya chakula. Hakuna aliyemsikiliza sana. Lakini katika karne ya 20 wafugaji wa Ulaya na Marekani waliongeza nafaka zilizosagwa ili wapate maziwa mengi, nao wakaona kwamba maziwa yanaongezeka huku mafuta yakipotea. Mwaka wa 1938 Powell, katika Marekani, alieleza jaribio lililoshangaza wengi: nyasi kavu zilezile, zikisagwa kuwa unga kabla ya kulishwa, zilipunguza mafuta ya maziwa. Chakula kilikuwa kilekile, hakikuongezwa kitu wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni urefu wa majani tu.

Hapo hapakuwa na mwizi wa kumshtaki. Ilibidi kuingia tumboni.

Torati ya Musa iliwatenga wanyama wenye kucheua na wenye kwato zilizopasuka, na kuwahesabu kuwa safi, lakini sababu ya kucheua haikujulikana kwa miaka elfu nyingi. Ng'ombe ana matumbo manne. La kwanza ni kubwa kuliko yote. Kwa ng'ombe mkubwa laweza kushika zaidi ya lita 100. Ndani yake hakuna maji makali ya kuyeyusha chakula kama katika tumbo letu. Mna vijidudu visivyohesabika, vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyokula majani kwanza. Ng'ombe hula kile ambacho vijidudu vimemwachia, pamoja na vijidudu vyenyewe. Mwaka wa 1944 Barcroft na wenzake wawili wa Cambridge walionyesha, kwa kondoo na wanyama wengine, kwamba vijidudu hutoa asidi fupi, na kwamba asidi hizo hupenya ukuta wa tumbo na kuingia damuni. Iliyo nyingi kuliko zote ni asidi ya siki. Kwa hiyo mnyama wetu, tuseme, huishi kwa siki.

Majani marefu yanamlazimu ng'ombe kucheua saa saba au nane kwa siku. Akicheua hutoa mate, lita 100 na zaidi kila siku, na mate hayo yana chumvi ya kupunguza ukali wa asidi. Mpe unga mwingi na majani machache: hacheui sana, mate yanapungua, vijidudu vinachachusha unga upesi kama pombe, na ukali unazidi. Watu wa elimu huupima kwa hesabu ya pH, ambayo hushuka kadiri ukali unavyopanda. Tumbo zima huwa kati ya 6 na 7. Likikaa saa nyingi chini ya 5,6 ukuta wake huanza kuungua. Ng'ombe haanguki siku hiyo. Hula leo, hukataa kesho, mavi yake huwa laini yenye povu, na baada ya wiki nyingi huchechemea kwa kwato zilizovimba, au huchinjwa na ini lake kukutwa na majipu. Mfugaji husema ni bahati mbaya, na walio wabaya zaidi husema jirani amemroga.

Basi mafuta ya maziwa yahusikaje? Jibu lilitoka kwa mbuzi mmoja wa Uingereza. Folley na French, katika chuo cha maziwa cha Shinfield karibu na Reading, walikwisha kuonyesha mwaka wa 1950 kwamba vipande vya kiwele cha mnyama mwenye kucheua hutengeneza mafuta kwa asidi ya siki. Mwaka wa 1951, pamoja na Popják, waliitia damuni mwa mbuzi asidi ya siki iliyotengenezwa kwa kaboni 14, ile inayotoa miale ya kuifuata popote iendapo. Walipokamua, walikuta kaboni hiyo katika shanga za asidi fupi za maziwa. Kiwele kilikuwa kinachukua shanga mbili za siki na kuziunga, mbili juu ya mbili: 4, 6, 8, mpaka 16. Zenye 18 hazitengenezwi hapo. Huja zimekamilika kutoka katika chakula au katika mafuta ya mwili. Karibu nusu ya mafuta ya maziwa hutengenezwa na kiwele, na nusu nyingine huletwa na damu.

Msomaji aone sasa maana yake. Asidi fupi za maziwa hutengenezwa kwa kazi ya vijidudu vya tumboni. Vikiwa na majani na raha, fupi ni nyingi. Vikiungua, fupi hupungua. Ile hesabu ya Reichert iliyotumiwa kuwafukuza wachuuzi ilikuwa, tangu mwanzo, habari ya malisho na tumbo.

Kilichokosekana ni chombo cha kuzihesabu moja moja. Mwaka wa 1952 James na Martin wa London walitangaza njia ya kuzipitisha asidi katika bomba refu kwa gesi, fupi zikitoka kwanza na ndefu baadaye. Na mambo ya kwanza waliyoyatenga yalikuwa ndizo asidi hizi zinazoruka. Mwaka huohuo Martin, pamoja na Synge, alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yao ya zamani iliyofungua njia hiyo.

Hapa twapaswa kusema kwamba hadithi nzuri ilikuwa rahisi mno. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mafuta hushuka kwa sababu siki imekosekana tumboni. Waliohesabu siki yenyewe wakaona haikupungua kiasi cha kutosha. Jibu jingine lilikamilishwa katika chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Tumbo likiharibika, baadhi ya vijidudu hugeuza mafuta ya chakula kwa njia isiyo ya kawaida, na kutokeza asidi moja ya shanga 18 iliyopindwa mahali pengine. Asidi hiyo hufika kiweleni na kukiamuru kiache kazi. Mwaka wa 2000 Baumgard, Bauman na wenzao waliitia ndani ya ng'ombe, gramu 10 tu kwa siku, na baada ya siku 4 mafuta ya maziwa yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya 40 kwa mia. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Nasi twapenda habari hii, maana yaonyesha kwamba hata jambo lililofundishwa miaka thelathini laweza kupimwa tena.

Bomba la gesi ni ghali na la polepole. Lakini mwaka wa 1964 Goulden, palepale Shinfield, alikuwa ameeleza namna ya kupima maziwa kwa mwanga usioonekana, ulio ng'ambo ya rangi nyekundu: kila kitu ndani ya maziwa humeza sehemu yake ya mwanga. Mashine za namna hiyo zikaenea kwenye viwanda vyote vikubwa, zikipima mafuta na protini. Mwaka wa 2006 Soyeurt na wenzake wa Gembloux, katika Ubelgiji, walionyesha kwamba mwanga huohuo waweza kukadiria hata asidi moja moja. Mwaka huohuo wenzao wa Gent walikusanya habari za asidi zenye shanga 15 na 17, hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Nyingi kati ya hizo hutoka kwa vijidudu vya tumboni, basi nazo zatoa ushuhuda. Katika Marekani Barbano wa Cornell akaanza kupima maziwa ya pipa zima la shamba, bila kumgusa ng'ombe hata mmoja. Yeye na wenzake walipolinganisha mashamba ya Vermont na ya kaskazini ya jimbo la New York, waliandika mwaka 2016 na 2017 kwamba mashamba yenye asidi fupi nyingi yalielekea kuwa yale ambayo ng'ombe hawakusongamana, walikuwa na nafasi ya kutosha mbele ya chakula, na walipewa majani yenye nyuzi. Ng'ombe anayesukumwa na wenzake hula haraka na kwa wingi akipata nafasi, na tumbo huchafuka. Maziwa ya pipa yalikuwa yamesema namna watu walivyojenga zizi.

Sisi wa Kivu na Ituri hatuna mashine hizo kila kijiji, wala hesabu za Ulaya hazitufai zote. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu huwa na maziwa yenye mafuta mengi kuliko Friesian. Asipimwe kwa kipimo cha mwingine. Tena mafuta yakishuka, si lazima iwe ugonjwa. Maziwa ya kwanza ya kukamua ni mepesi na ya mwisho ni mazito, kwa hiyo anayepima maziwa ya mwanzo tu amejidanganya. Mafuta ya samaki hupunguza mafuta ya maziwa, jambo lililojulikana tangu 1926. Na kinyume chake kipo: ng'ombe aliyezaa juzi, mwenye njaa, huyeyusha mwili wake, na maziwa yake huonekana manono wakati yeye anakwisha. Twaomba sana wale wanaopokea maziwa ya wengine kwenye kituo au kwa mafundi wa jibini la Masisi: mtu akileta maziwa mepesi, kabla ya kusema ametia maji au ametoa utando, aulizwe ng'ombe wake wanakula nini.

Wengi pembezoni mwa miji hulisha machicha ya pombe, pumba na unga wa mihogo, maana majani ya kukata yako mbali. Wenye kufanya hivyo waweze kufuata desturi rahisi. Weka maziwa yaliyochanganywa vizuri katika chupa nyeupe usiku kucha, utie alama mahali utando unapofika, ulinganishe kila juma chupa kwa chupa. Si kipimo cha kweli kabisa, lakini kwa kundi lilelile huonyesha badiliko. Tazama pia ng'ombe waliolala kivulini: zaidi ya nusu wawe wanacheua. Ukiona utando unashuka, wacheuaji ni wachache na mavi yana povu, punguza unga, toa majani marefu kwanza, kisha unga kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Wala usikate tamaa baada ya siku tatu. Tumbo likitengenezwa, mafuta hurudi polepole, nayo huchukua siku 10 mpaka 15.